Bibi Aliniuliza: "Huyu Analia Msiba wa Nani?"

Wadau, leo naongelea albamu ambayo najua wengi wenu hamtaimaliza. Ila vumilieni nifike mwisho, nina sababu.

Tuanzie Bunda, 2020. Kuna mshkaji wangu ana kibanda karibu na stendi, anaingizia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Nilimpa flashi anijazie singeli. Nafika nyumbani Musoma nakuta kaniongezea folda moja imeandikwa Duma. Nikajua ni yule mnyama wetu wa Serengeti anayekimbia. Kumbe ni la Kikikuyu, maana yake giza.

Duma walikuwa vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja kwenye sauti na Sam Karugu kwenye gitaa na mashine. Albamu yao ilitoka Agosti 2020 chini ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msicheke, kwa Waganda hilo neno ni ile hamu ya kucheza isiyozuilika. Ndiyo lebo hiyohiyo iliyoitangaza singeli ya Dar huko nje kwa albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017. Nyimbo tisa. Midundo inakimbia kama singeli, ila hakuna anayechana wala anayekwambia ucheze. Gitaa linanguruma kama jenereta bovu na mtu anapiga yowe mwanzo mwisho. Mara ya kwanza nilizima kwenye wimbo wa pili. Kuna mmoja unaitwa Pembe 666, mama alivyoliona hilo jina kwenye simu alitaka kumwita mchungaji.

Sasa kwa nini sikufuta?

Mwaka 2019 kaka yangu alizama ziwani. Alikuwa anavua dagaa. Walitoka jioni, usiku hauna mwezi kama wanavyotaka wavuvi, katikati upepo ukabadilika. Wenzake wawili waliokolewa. Yeye tulimpata siku ya tatu. Pale msibani wakubwa wakaniambia wewe ndo mwanaume wa nyumba sasa, mwanaume halii, mwangalie mama yako. Nikatii. Nikabeba maji, nikapanga viti, nikashika jembe kaburini. Mwaka mzima sikulia, na watu wakanisifu kwamba nimekomaa.

Ile Duma nilipoirudia, nimekaa kwenye mawe pembeni ya ziwa na spika za masikioni, nikamsikia mtu anafanya kile nilichokatazwa. Neno hata moja sikuelewa. Ila koo lilielewa.

Mwisho wa mwaka huo nikaenda Butiama kwa bibi, mama yake baba. Nikamkuta uani anapeta mtama.

"Mume wangu, unasikiliza nini mpaka umekunja sura hivyo?"

Nikamwekea kwa sauti, nikisubiri anikemee. Akaweka ungo chini, akasikiliza kama dakika nzima. Akauliza, "Huyu analia msiba wa nani?"

"Bibi, halii huyo, anaimba."

"Nimelia misiba mingi, kilio nakijua. Nakuuliza, nani amefariki?"

Sikuwa na jibu. Na kiukweli albamu nayo sikuona inajibu. Hapo ndo naona ulikuwa upungufu wake. Ni giza kila upande, hasira kali ila haina anwani. Ungechanganya mpangilio wa zile nyimbo, wengi tusingegundua.

Miaka mitatu na ushee ikapita. Aprili 2024 Kanja akarudi peke yake kwa jina la Lord Spikeheart, albamu inaitwa The Adept, imetoka kwenye lebo yake mwenyewe, Haekalu Records. Sisi tumezoea kwamba msanii "akikua" anapunguza makali, anaimba mapenzi, mama anaruhusu ichezwe sebuleni. Huyu hajapunguza kitu. Ila safari hii nyumba ina vyumba. Kuna midundo mizito inayotembea polepole, halafu ghafla mbio. Sauti yake imepata ngazi, ananong'ona, anashuka mpaka kunguruma kama yuko kisimani, ndipo anapanda kwenye yowe. Na kwa sababu ametulia kwanza, lile yowe likija linauma zaidi. Kaita na wageni pia, mmojawapo Backxwash, rapa mzaliwa wa Zambia anayeishi Kanada. Kwangu wageni wamezidi kidogo, kuna sehemu namtafuta mwenye nyumba simuoni.

Lakini kilichonishika ni hiki. Albamu ameitoa kwa heshima ya bibi mkuu wa ukoo wao, Muthoni wa Kirima. Huyo mama alipigana Mau Mau, na ndiye mwanamke pekee aliyefikia cheo cha juu kabisa cha wapiganaji wale. Alikaa msituni mpaka Kenya inapata uhuru 1963. Rasta zake za msituni hakuzikata mpaka Aprili 2022. Alifariki Septemba 2023, miezi saba tu kabla albamu haijatoka. Yowe ni lilelile la 2020, ila sasa unajua linaelekea wapi. Mimi ukuaji nauona hapo.

Kuna wimbo unaitwa 4AM in the Mara. Najua ni Mara ya upande wa pili, ya Kenya. Lakini mto ni huuhuu mmoja, unatoka milima ya Mau, unakatiza Serengeti, unapita chini ya daraja letu la Kirumi, unaingia ziwani. Na saa kumi usiku sisi tuliokulia mwaloni tunaijua. Ndo muda wa kuanza kuangalia taa za mitumbwi zikirudi. Unahesabu. Siku ile tulihesabu, ikapungua moja.

Juzi nimeenda tena Butiama. Bibi masikio yamepungua, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Akasikiliza, akauliza swali lilelile, amesahau kwamba aliwahi kuniuliza. Safari hii nikamjibu. Nikamwambia kuna bibi mmoja wa Kenya alipigania nchi yake msituni, amefariki, huyu ni mtoto wa ukoo wake.

"Haya," akasema, "huyo ana wa kumlilia. Na wewe je?"

Nikamtaja kaka kwa jina lake. Sikuwa nimelitamka tangu mazishini. Bibi hajui kuzima simu, akaigeuza tu kifudifudi juu ya mkeka, ikaendelea kupiga yowe humohumo chini, akanivuta mkono.

Jaribuni kuisikiliza, wadau. Hata dakika tano.