Rubani Ambaye Abiria Wake Hawashuki Naye

Kuna kazi ambazo sisi watu wa Ganze hatujapata kuzitungia jina. Ufugaji twaujua, na soko la mifugo la Bamba limelipa karo za watoto wengi. Ualimu twaujua, machimbo ya Jaribuni twayajua, na ubaharia twausikia kwa jamaa zetu wa Kilifi na Takaungu. Lakini kazi ya kijana wetu, kila tulipoulizwa, ilitubidi tuieleze kwa hatua tatu: ni rubani, ndege yake ni ndogo, na abiria wake hawashuki naye. Hapo aghalabu mwulizaji hututazama kana kwamba tumemtegea kitendawili.

Sisi tunaoandika ni mama yake mzazi na shangazi zake wawili. Tumeombwa na kina mama wenzetu tuieleze habari hii kwa ukamilifu, maana uvumi wake umekwishafika mbali kuliko ukweli wake.

Huko Diani, kusini mwa Mombasa, kuna watu wanaolipa fedha nyingi ili wapandishwe angani kwa ndege hadi futi 10,000 au 12,000, mlango ufunguliwe, watoke. Mgeni asiyejua kuruka hufungwa kwa mikanda kifuani pa mwalimu, wakaporomoka pamoja kwa mwendo wa takriban kilomita 200 kwa saa, kwa muda usiotimia dakika moja, kisha mwavuli ukafunguka wakaelea polepole hadi mchangani. Juu ya mwanamume kufungwa pamoja na mwanamke asiye maharimu wake, kila msomaji ana jibu lake na sisi tuna letu. Kijana wetu hayumo katika mikanda hiyo. Yeye hubaki kwenye usukani, na wenzake wakishatoka, huirudisha ndege ikiwa tupu.

Wengi wameuliza kwa nini mtoto aliyesomeshwa kwa ng'ombe na kipande cha shamba afanye kazi ya kuwapandisha watu wa starehe. Jibu lake ni hesabu. Leseni ya rubani wa biashara hapa Kenya hutaka takriban saa 200 za kuruka, na saa hizo kijana wetu alizilipia katika chuo kimoja cha uwanja wa Wilson, Nairobi, saa baada ya saa, mpaka zizi la baba yake likabaki na mbuzi. Lakini leseni ya juu kabisa, ile ya rubani mkuu wa ndege kubwa za abiria, hutaka saa 1,500. Kati ya 200 na 1,500 kuna jangwa. Mashirika hutaka rubani mwenye uzoefu, na uzoefu hauuzwi kwa bei ambayo mfugaji wa Ganze aweza kuilipa. Katika nchi nyingi, marubani vijana hulivuka jangwa hilo kwa kufundisha wanafunzi, kwa kubeba mizigo, au kwa kuwapandisha warukaji. Safari moja ya kuwapandisha haifiki hata saa nzima, lakini huandikwa katika daftari lake, na daftari hilo ndilo zizi lake jipya.

Basi ikaja habari ya posa. Msichana ni wa Malindi, wa nyumba ya watu wenye staha, na mambo yote yalikwenda vizuri mpaka ilipofikiwa kazi. Bibi yake mzaa mama alitaka kujua watu hao wanaruka waende wapi. Tulipomwambia kwamba wanaruka tu, kisha wanatua, akasema hatamwoza mjukuu wake mtu ambaye riziki yake ni mlango ulio wazi angani. Hatukumlaumu. Nasi tuna masiku yetu ya kukosa usingizi. Mmoja wetu ana shinikizo la damu, na simu ya kijana ikichelewa jioni huketi akihesabu miyaa ya mkeka. Baba wa msichana, kwa adabu kubwa, alituomba jambo moja: kabla ya mazungumzo kuendelea, tuwaletee maelezo ya kweli ya kazi ile, hatari yake na kinga yake. Kumsifia kijana katika posa ni rahisi, ila kumweleza ni amana, na amana hiyo hatukutaka kuitimiza kwa kusikia. Tukafunga safari.

Ulikuwa mwezi wa Agosti. Kutoka Ganze hadi Kilifi ni vumbi, Mtwapa ni foleni, Likoni ni feri. Tukafika Ukunda miguu imevimba. Tulilala kwa jamaa, na asubuhi tukaenda tulikoambiwa twende.

Lililotushangaza kwanza ni ukimya. Tulitarajia vurumai ya vijana wasiojali maisha. Tukakuta watu wamepiga magoti juu ya turubai, kivulini, wakikunja miavuli. Sisi ni wanawake wa leso, na kukunja nguo twakujua, lakini ukunjaji ule ni wa namna nyingine. Kamba hutenganishwa moja moja zisisukane, vipande vya kitambaa hupangwa upande huu na upande huu, hewa ikasukumwa nje kwa kifua na magoti, kisha nguo kubwa kama paa la nyumba ikaingia katika mfuko mdogo wa kubeba mgongoni. Mmoja wetu alimtolea salamu mkunjaji, kijana wa Kidigo. Akaitikia, kisha akatuomba kwa heshima tumsubiri amalize. Alipomaliza alitueleza kwamba kila mfuko una miavuli miwili, mkubwa na wa akiba. Ule wa akiba hukunjwa na fundi mwenye leseni peke yake, ukafungwa kwa uzi na muhuri. Kuna pia kifaa kidogo kinachopima kimo na mwendo: kikiona mtu bado anaporomoka ilhali ardhi imekaribia, humfungulia mwavuli wa akiba hata kama yeye amezimia.

Watu wale ni kijiji chao. Wamo Wazungu waliozunguka nchi nyingi kwa ajili ya mchezo huu, wamo Wakenya wa Nairobi, na wamo wenyeji wa pwani walioanza kwa kubeba mizigo, sasa wanafundisha. Hula pamoja, hungoja upepo pamoja, na kabla ya kupanda ndege kila mmoja humgeuza mwenzake akamkagua mikanda, hata akiwa ameruka mara elfu. Hakuna anayeona kwamba amedharauliwa kwa kukaguliwa. Tulimwuliza mmoja wao, mwanamke wa makamo, kama anamjua mtu aliyekufa kwa kuruka. Alitujibu kwamba anawajua, akaacha hapo. Tulimheshimu kwa kutotudanganya. (Tuliyoyaona ufukweni, ya mavazi na mengineyo, tumeyaacha hukohuko ufukweni.)

Jioni kijana wetu alitueleza kazi yake, akichora kwa kidole mezani. Ndege imeondolewa viti, isipokuwa chake. Warukaji huketi sakafuni wamebanana. Kupanda huchukua muda mrefu, na kadiri ndege inavyopanda ndivyo baridi inavyozidi: hewa hupoa takriban digrii mbili kwa kila futi 1,000, kwa hivyo Diani ikiwa na joto la digrii 30, huko juu hazifiki 10. Kabla ya mlango kufunguliwa huwa amekwisha kuwasiliana na waongozaji wa anga, na amekwisha kupima upepo ili ajue awaachie wapi, maana mtu aliyeachiwa mahali pasipofaa hatafika mchangani. Atafika baharini au juu ya minazi. Kisha hupunguza mwendo. Hapo ndipo penye hatari ambayo abiria hawaioni. Warukaji wanaposogea mlangoni, uzito huhama ghafla. Ndege inayokwenda polepole, uzito wake ukielekea mkiani, huweza kukosa kubebwa na hewa na kuanguka kama embe. Mkono wake huwa tayari unaisukuma pua ya ndege chini kabla wao hawajajua kwamba imeinuka. Wakishatoka, ndege hupumua; ndivyo alivyosema. Halafu hushuka, lakini bila kuzima nguvu kwa pupa, kwani injini iliyochemka ikipozwa ghafla huweza kupata ufa. Na yeye pia huvaa mwavuli mgongoni. Hajapata kuutumia, na sisi tumemwombea asiutumie.

Siku ya pili ndege ilipanda mara moja asubuhi. Tuliitazama mpaka ikawa kama kunguru, kisha kama nzi, kisha tukawa tunaangalia mahali tunapodhani ipo. Nukta zikatokea. Shangazi mmoja alifumba macho na hakuyafumbua mpaka alipoambiwa kwamba miavuli yote imefunguka. Baadaye kusi ikakaza. Minazi iliinama, na soksi ya upepo ikasimama wima kama mkono ulionyoshwa. Walikuwapo wageni wawili waliokwisha kulipa, na jioni ileile walikuwa wanasafiri kurudi kwao. Hawangepata siku nyingine. Walisihi sana. Kijana wetu alitoka, akatazama juu, akazungumza kidogo na mkuu wa warukaji, kisha akarudi akitikisa kichwa. Hakuna aliyebishana naye, wala wakubwa wake. Wageni walirudishiwa fedha zao, akaenda kuswali.

Tuliporudi Malindi tulieleza yote, na la kifo hatukulificha. Mjomba mmoja alisema mambo ya kuruka ni mchezo wa kigeni usiotuhusu. Mzee mwingine akamkumbusha habari ya Abbas ibn Firnas wa Córdoba, ambaye katika karne ya 9 alijifunga mbawa akaruka kutoka mahali pa juu, akaelea kwa muda, akatua vibaya kwa kuwa hakujitengenezea mkia.

"Kwa hiyo aliumia," akasema bibi.

Ikabidi ikubaliwe kwamba aliumia mgongo. Kaka wa msichana, aliyewahi kufanya kazi Dubai, akasema kwamba huko watu huruka juu ya Palm Jumeirah siku baada ya siku na hakuna anayeinua kichwa kutazama. Bibi akajibu kwamba Dubai si Malindi.

Ndipo msichana mwenyewe, aliyekuwa ameketi karibu na mama yake muda wote, akaomba kusema. Alikuwa na swali moja. Alitaka kujua, siku ambayo hali ya hewa si nzuri na mwenye fedha anataka kuruka, ni nani mwenye neno la mwisho. Tukamweleza tuliyoyaona siku ya kusi: wageni wawili, soksi ya upepo, na kichwa kilichotikiswa. Akauliza kama kijana alionekana kuona haya alipokataa. Tukasema hapana. Akasema amesikia, akanyamaza, na baba yake akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida ya baba kumtazama binti mbele ya wageni.

Jibu lao lilikuja baada ya siku nane. Nikaha itakuwa msimu wa kaskazi, inshallah, na kijana ataendelea na kazi yake mpaka daftari lijae saa za kumwezesha kuomba kazi katika shirika la abiria. Mahari yalikubaliwa bila mvutano. Bibi bado hajaridhika, naye ametoa sharti lake mwenyewe, ambalo kijana amelikubali mbele ya mashahidi: siku ya kuja kuoa, aje kwa barabara.