Nilimwekea shosho tiki bila kumuuliza

Mnajua niliacha kampasi mwaka wa pili. Kabla nianze kutengeneza video, nilipata kibarua kwenye utafiti wa afya. Tunaenda nyumba kwa nyumba, nesi anatoa damu, mimi najaza fomu kwa tableti na kubeba kisanduku cha barafu.

Nilidhani kazi ni sindano. Wapi! Sindano ni dakika mbili. Kazi imepangwa kitambo: nyumba zimechaguliwa kwa bahati nasibu, so huwezi ruka yenye mbwa mkali uingie kwa jirani mwenye chai. Chupa ngapi kwa kila mtu, stika ya namba badala ya jina, barafu itashika hadi saa ngapi, nani anangoja sampuli kwa maabara jioni. Moja ikikosa, damu ya mtu imetoka bure. Hata KENPHIA ya 2018 ilipima Ukimwi hivyo, nyumba kwa nyumba.

Sasa siku moja, Eastlands. Jua kali, barafu inayeyuka, tumebakisha nyumba mbili. Shosho mmoja akakubali kupimwa. Kwa fomu kuna swali lingine: damu itakayobaki ihifadhiwe kwa utafiti wa baadaye? Sikumuuliza. Niliweka tiki kwa "ndiyo", nikasonga.

Tukitoka akaniuliza, "Kijana wangu, na itakayobaki mnapeleka wapi?"

"Inakaa maabara, shosho." Nusu ukweli.

Usiku usingizi ulikataa. Wazee wetu walikua wakisikia hadithi za mumiani, watu wanaoiba damu. Na mimi hapo nimechukua damu ya mtu kwa tiki ya uongo.

Asubuhi nikamwambia msimamizi. Alinifokea, halafu akanirudisha kwa shosho. Nikamwomba msamaha, nikamweleza yote: friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, miaka mingi, maswali ambayo hata sisi hatujayajua bado.

Akafikiria. "Pimeni ya leo. Hiyo ingine, hapana."

Tukabadilisha fomu. Namba yake ikawekwa alama: ikishapimwa, iharibiwe.

Barafu tulikua tumeipangia saa. Maswali ya shosho hatukuyapangia hata dakika tano.

So wakibisha kwako, uliza: itakayobaki inaenda wapi, itakaa muda gani, na nikibadilisha nia? Wakikosa jibu, una haki ya kukataa. Na ukipata kibarua kama changu, hiyo tiki si yako.