Risasi Iliyogoma

Mimi nilimaliza kidato cha nne na cheti ambacho hakikunipeleka popote, ila nilikuwa na daftari. Humo nilikuwa naandika riwaya ya mwindaji asiyekosa shabaha. Bunduki yenyewe sijawahi kuishika. Mwaka 2021 nikapata kibarua katika kambi ya uwindaji wa kitalii, Pori la Akiba Selous, upande uliobaki pori la akiba baada ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kumegwa mwaka 2019. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo, kuchota maji na kubeba mizigo.

Akaja mgeni mmoja kutoka Marekani, mtu mpole, na bunduki yake ya .375 H&H. Hiyo ni aina ya risasi iliyotolewa na Waingereza mwaka 1912, na mpaka leo wawindaji wanaiamini kwa nyati. Risasi zake hakununua dukani. Alizishindilia mwenyewe kwake, kwa maganda yaliyokwisha kutumika. Siku ya kwanza akajaribu bunduki kwa umbali wa mita 100. Matundu matatu yakakaa karibu kugusana. Usiku nikaandika daftarini: "Huyu ndiye."

Siku ya tatu tukamfikia dume la nyati. Mgeni akafyatua. Nyati akayumba, kisha akageuka kutukabili. Mgeni akavuta komeo, ganda likaruka, akasukuma risasi ya pili. Ikaingia, ikagoma mwishoni. Akasukuma tena kwa nguvu, komeo halishuki. Na nyati huyo anakuja! Mimi nilikuwa nyuma na chupa za maji, magoti yananigongana. Aliyemwangusha ni mwindaji kiongozi wetu, hatua chache tu kutoka aliposimama Babu, mzee wetu wa kufuata nyayo.

Jioni mgeni hakula. Alimwaga risasi zake mezani, akaniita nimshikie taa. Kwa Kiingereza changu cha shule nikamuuliza imekuwaje. Akanieleza bila kujitetea.

Ganda la risasi, alisema, likifyatuliwa hutanuka mpaka likaenea chumba chote cha bunduki. Ili litumike tena, hupakwa mafuta kidogo na kukandamizwa ndani ya kalibu ya chuma. Ukisahau mafuta, ganda hunasa humo humo. Sasa kalibu zenyewe si moja. Ipo inayobana shingo tu, pale panaposhika kichwa cha risasi. Mwili wa ganda unaachwa ulivyo, umekaa sawasawa na chumba cha bunduki yako. Wengi huipenda kwa kulenga shabaha, na ganda halichoki upesi. Lakini ukilirudia rudia, mwili unazidi kujaa, hata siku moja komeo linakataa kufunga.

Ya pili hubana ganda zima, shingo, bega na mwili. Hiyo nayo ina kipimo chake. Bega linatakiwa lirudi nyuma kidogo tu, elfu moja au mbili za inchi. Ukilirudisha mno, ganda linajivuta kila likifyatuliwa, mwisho linapasuka karibu na kitako. Tena ipo kalibu nyingine ya kukalisha kichwa cha risasi kinyoofu, maana kikikaa upande hata mpigaji hodari atalaumu macho yake bure.

"Ulichagua ipi?" nikamuuliza.

"Ya shingo," akasema. "Kwangu napiga karatasi. Karatasi haijawahi kunikimbilia."

Akaniambia hata wengi wa wale wanaoshindania shabaha ya karibu kugusana siku hizi hubana ganda zima, kidogo kidogo, kwa kupima. Alilijua hilo. Na alijua kwamba kila risasi ya safari huingizwa kwanza bundukini, moja moja, kuona kama komeo linafunga. Hakufanya. Yale matundu matatu yalimtosha.

Babu alikuwa kando ya moto anasikiliza. Nikamtafsiria. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka, mjukuu wangu. Na yake ilikuwa mkononi, bado ikawa mbali."

Asubuhi mgeni akamfuata Babu, akamwomba radhi kwa Kiswahili cha maneno mawili. Babu akapokea mkono wake kwa mikono yote miwili. Risasi alizotumia tangu hapo zilikuwa za kiwandani, na kila moja aliijaribu kwanza mbele yetu.

Mimi nilichana kurasa zangu. Si kwa hasira, ila niliona aibu. Nilikuwa nimemtukuza mtu kwa matundu matatu, nikasahau kwamba mbele yake kulikuwa na mzee mwenye wajukuu saba. Shabaha nzuri ni kitu kizuri, sikatai. Lakini kabla ya kuchagua kalibu, mtu ajiulize anakwenda kupiga nini, na nani atasimama karibu naye.

Mwindaji wangu wa sasa hukosa shabaha mara nyingine. Ila usiku kabla ya safari huketi penye taa, akajaribu risasi zake moja baada ya nyingine. Ukurasa huo nilimsomea Babu kabla sijaondoka kambini. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

"Huyu," akasema, "ningefuatana naye."