Kitanda cha Mahari na Msumeno Unaotema Bledi

Mabibi harusi kadhaa mmetuuliza kuhusu mahari yasiyokuwa pesa. Leo tunawahadithia ya mdogo wetu, na tumemuomba ruhusa kwanza.

Sisi ni dada wawili wa Unguja. Mdogo wetu ameolewa Bariadi, makao makuu ya Simiyu, ule mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Mumewe ni fundi seremala. Alipoulizwa mahari, alitaka kitanda cha mninga kilichotengenezwa na mkono wa bwana mwenyewe. Bibi zetu nao walitajiwa kitanda na godoro, lakini tuseme kweli, tulikunja nyuso. Wenzake wanataja dhahabu, yeye anataja mbao!

Tulifika Jumanne usiku, miguu imevimba kwa basi. Nikaha ni Ijumaa. Kitanda kilikuwa miguu na mbavu tu, upande wa kichwani hakuna kitu. Shemeji akasema kitakuwa tayari inshaallah, huku anatazama chini. Mdogo wetu akatunong'oneza, "Ananificha jambo."

Asubuhi tukaenda karakana kwake, banda la bati karibu na barabara. Mama wa jirani akatusalimia "mwangaluka", nasi tukaitikia hivyo hivyo, akafurahi kweli. Shemeji alikuwa ameweka mkono wa kushoto mfukoni. Alipoutoa, kidole kimefungwa kitambaa.

Tatizo lilikuwa msumeno wa umeme, ule mdogo wa kushika mkononi, bledi yake nyembamba inapanda na kushuka, ndio unaokata mapindo ya urembo. Haukuwa unashika bledi. Anakaza, anakata urefu wa kiganja, bledi inalegea na kuchomoka. Jumatatu ilichomoka mashine ikizunguka, ikamchana kidole na kuharibu ubao mzima wa mninga. Simiyu ni nchi ya pamba, mninga unatoka mbali na una bei. Wateja wake wengi ni wakulima, na walikuwa bado hawajauza pamba, kwa hiyo mfukoni hamna kitu.

Kisha akasema lile lililokuwa linamkera. Alishapanga kuchukua kitanda dukani kwa mkopo, akileta usiku, aseme amekitengeneza yeye.

Mdogo wetu alinyamaza kitambo. Halafu akamwambia, "Mahari ni haki yangu, na ukiniomba nikusubiri nitakusubiri. Lakini ukinidanganya siku ya kwanza, mimi nitakuamini lini tena?" Sisi dada zake, tulioona anajidhulumu, hatukuwa na la kusema. (Na mjue, mahari yanaweza kubaki deni mkikubaliana. Kuomba muda si aibu.)

Shemeji akampigia simu mzee aliyemfundisha kazi. Mzee akaja na baiskeli, na jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa waya ukutani. Sisi wanaume wetu nyumbani hubadilisha bledi na waya umechomekwa, Mungu anatulinda tu.

Akaitazama bledi kwenye mkia, si kwenye meno. Kumbe mikia iko aina mbili. Mmoja una masikio mawili kama herufi T, mwengine ni bapa wenye mkato juu kama herufi U. Kishikio cha msumeno ule ni cha T, masikio yanajifunga ndani. Shemeji alinunua bledi za rejareja, hazina pakiti, zote U. Mkia bapa unabanwa na skrubu peke yake, na mashine ikitetema dakika mbili unateleza.

Lakini alikuwa na bledi moja ya zamani ya T, na hiyo nayo ilikuwa ikitoka. Tukamulika kwa tochi za simu. Kishikio kimejaa unga wa mbao ulioshindiliwa mpaka ukawa kama udongo, bledi haiingii mpaka mwisho. Mzee akausugua kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, akafuta. Skrubu nayo ncha ilikuwa imelika kwa kukazwa kwa hasira, akatoa nyengine kwenye mashine mbovu. Mwisho akasogeza kile kigurudumu kidogo cha nyuma mpaka kikagusa mgongo wa bledi, maana bledi isiyoegemea kitu hupinda na kujitoa.

Akaivuta bledi kwa kitambaa, haikutoka. Wakajaribu kwenye kipande cha mbao ovyo kabla ya kugusa mninga. "Usiusukume," akamwambia shemeji, "uache ule wenyewe."

Ubao ulioharibika haukuwa na mbadala, wakaunga vipande viwili vyembamba kwa gundi. Alhamisi umeme ukakatika baada ya Magharibi, ukarudi usiku wa manane, na shemeji akaendelea mpaka alfajiri. Mdogo wetu alikuwa na hina mikononi hawezi kushika kitu, sisi ndio tuliopiga msasa, madera yetu mekundu kwa vumbi la mninga.

Ijumaa sheikh alitaja mahari, kitanda kimoja cha mninga, na kitanda kipo ndani, hakijapakwa hata vanishi.

Tulipofika Unguja, shemeji akapiga simu kuomba tumtafutie bledi Darajani. Za mkia wa T, alirudia mara tatu, na tuangalie mkia wenyewe, tusimuulize muuzaji.