Likizo ya meli Japani: Bandari zipimwe kwa miguu ya bibi na ya mtoto

Matangazo ya safari za meli za kitalii nchini Japani yana hesabu inayovutia: usiku tisa, bandari saba, chakula ndani ya bei, michezo ya watoto kila siku. Mzazi anayeyasoma kwenye simu huona saba ni nyingi kuliko nne, na mkono unaenda kwenye saba. Tangazo halisemi meli ikishafunga gati, kutoka hapo hadi kile familia ilichokuja kukiona ni mbali kiasi gani, na nani atakayeutembea umbali huo.

Familia inayotoka Dar es Salaam, Mombasa au Muscat haiendi Japani kila mwaka. Mara nyingi ni fedha za kuchanga, na kwenye msafara yumo bibi mwenye goti linalouma na mtoto wa miaka minne asiyetaka kubebwa wala kutembea. Hao wawili ndio wanaopaswa kuchagua bandari. Baba na mama watafuata.

Kabla ya bandari kuna viza, kwa sababu hapo safari inaweza kufia uwanja wa ndege. Watanzania na Wakenya wanahitaji viza kuingia Japani. Sasa, sheria ya Japani kwa kawaida hairuhusu meli yenye bendera ya nchi nyingine kubeba abiria kutoka bandari moja ya Japani hadi nyingine bila kugusa nchi ya nje. Ndiyo maana ratiba nyingi zinazoitwa "za Japani" zina siku moja Busan, Korea Kusini. Kwenye ramani ni kituo kidogo tu. Kwenye pasi ya kusafiria ni kutoka Japani na kuingia tena, na mwenye viza ya kuingia mara moja anakuwa ameshaitumia. Ratiba ipelekwe ubalozini kabla ya kulipa, iulizwe viza ya kuingia mara mbili au zaidi, na upande wa Korea Kusini nako kuulizwe. Wakala anayejibu "hilo halina shida" aombwe aliandike.

Jina linalouza safari hizi kuliko yote ni Kyoto, mji ambao hauna bahari. Meli hufunga Kobe au Osaka, kisha abiria wanapanda treni. Kobe ina urahisi wake: kituo cha treni ndogo kimeungana na jengo la gati, na treni hiyo inafika Sannomiya, katikati ya mji. Kutoka Sannomiya treni ya haraka inachukua karibu dakika 50 hadi Kyoto. Ukijumlisha foleni ya kushuka, kubadilisha treni na mtoto anayetaka choo, ni saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi.

Tuseme meli imefika saa 1:00 asubuhi na abiria wanatakiwa wawe wamerudi saa 10:30 jioni. Familia itafika Kyoto saa 4:00 asubuhi na kuanza kurudi saa 8:00 mchana. Ni saa nne, chakula cha mchana kikiwa ndani yake. Katika saa nne, mwenye goti bovu hapandi kilima cha Kiyomizu-dera, kisha msitu wa mianzi, kisha jumba la dhahabu. Anachagua kimoja. Kwa familia ya namna hii Fushimi Inari ni chaguo la busara: ni vituo viwili kutoka kituo kikuu cha Kyoto, na mlango wa hekalu unatazamana na kituo cha treni. Milango myekundu iliyopangwa kama njia inaanza muda mfupi baada ya kuingia. Vijana wapande mlima, bibi abaki chini na aiskrimu yake, na hakuna atakayesema hakufika.

Njia bora zaidi ni kutoiachia meli kazi ya Kyoto. Treni ya mwendo kasi kutoka Shin-Yokohama inafika Kyoto kwa muda wa saa 2 hivi. Anayeongeza siku mbili nchi kavu kabla ya kupanda meli anaiona Kyoto kwa utulivu, na pia anaupa mwili nafasi ya kuzoea saa. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita. Mtoto aliyetua jana ataamka usiku wa manane akidai uji, na atasinzia mchana kweupe mbele ya hekalu. Safari inayoanza siku ileile ya kutua inaanza na familia iliyochoka.

Kyoto ikishatolewa kwenye meli, bandari zinazobaki zinapendeza zaidi, kwa sababu zipo ambazo raha yake iko palepale gatini.

Osaka, kwenye gati la Tempozan, ni mfano mzuri. Jengo la Kaiyukan, moja ya matangi makubwa ya samaki duniani, liko hatua chache kutoka melini, na ndani yake anaogelea papa potwe. Mtoto wa Kitanzania ana haki ya kuambiwa kwamba samaki huyo huyo hufika Kisiwa cha Mafia, nyumbani kwao, bila kioo wala tiketi ya treni. Pembeni kuna gurudumu la kupandia lenye urefu wa zaidi ya mita 112. Hiyo ni siku nzima, na kigari cha mtoto hakikutana na ngazi nyingi.

Yokohama nayo, meli ikifunga Osanbashi, iko katikati ya mji. Paa la gati lenyewe ni uwanja wa mbao ambapo watoto hukimbia. Bustani ya Yamashita na mtaa wa Wachina viko karibu, na mbele kidogo kuna jumba la makumbusho la tambi za kikombe ambako mtoto hutengeneza kikombe chake. Lakini jina la bandari halitoshi. Meli ndefu kwenda juu hazipiti chini ya daraja la ghuba, hivyo hufunga Daikoku, nje ya mji, ambako hakuna pa kutembea na lazima basi au teksi. Swali la kumuuliza wakala ni "gati lipi?" Neno "Yokohama" peke yake halijibu kitu.

Shimizu hupakiwa kwa ajili ya Mlima Fuji, mita 3,776, unaoonekana ukiwa kwenye sitaha. Unaonekana ukiwa haujajifunika. Majira ya baridi anga huwa safi. Kiangazi mawingu huufunika siku nyingi, na picha ya kwenye tangazo haikupigwa Julai. Kaskazini, Hakodate ina gati lililo karibu na kituo cha treni na soko la asubuhi la samaki, na hewa yake ya Agosti ni ahueni kwa wazee kuliko joto la Osaka. Aomori hufaa kuanzia tarehe 2 hadi 7 Agosti, wakati wa sherehe ya Nebuta, mitaa inapojaa masanamu makubwa ya karatasi yenye taa ndani. Ukikosa tarehe hizo, baadhi ya masanamu huonyeshwa mwaka mzima katika jengo lililo karibu na bandari.

Hiroshima na Nagasaki zinataka mazungumzo ya nyumbani kabla ya safari. Mabomu ya atomiki yaliangushwa Agosti 6 na Agosti 9, 1945. Makumbusho ya Hiroshima yana picha na nguo za watoto zilizoungua, na si kila mtoto wa miaka saba anayalala vizuri baada ya hapo. Mzazi anaweza kubaki nje kwenye bustani, kwenye mnara wa watoto unaomkumbuka Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili bomu lilipoanguka na akafa mwaka 1955 kwa saratani ya damu. Korongo wa karatasi wanaoletwa pale na shule mbalimbali ni somo ambalo mtoto mdogo analielewa. Wenye miaka 12 kwenda juu waingie ndani na mtu mzima, bila haraka. Kwa upande wa kutembea, Nagasaki ni nyepesi: meli hufunga mjini na tramu inafika Bustani ya Amani. Hiroshima meli kubwa hufunga mbali na katikati, na anayetaka makumbusho na kisiwa cha Miyajima siku hiyohiyo atavikimbia vyote viwili.

Kagoshima ni bandari ya kufikiriwa mara mbili na mzazi mwenye mtoto wa pumu. Ng'ambo ya maji kuna Sakurajima, volkano hai inayotoa majivu mara kwa mara, na watoto wanaoishi pale huvaa helmeti za njano kwenda shule. Siku upepo ukipuliza upande wa mji, majivu hukaa kwenye magari na kwenye vifua. Kivuko huchukua dakika 15 tu na huko kuna mfereji wa maji ya moto wa kulowekea miguu, dawa nzuri ya bibi. Kwa hiyo si bandari ya kufutwa. Ni bandari ya kushuka na dawa ya kuvuta mkononi, barakoa mfukoni, na utayari wa kubaki melini hali ikiwa mbaya. Beppu inajulikana kwa bafu za maji ya moto. Wenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu lisilotulia au ujauzito wamwone daktari kwanza, na wajue kuwa watu huoga bila nguo, wanaume kwao na wanawake kwao.

Majira nayo yana bei yake. Maua ya cheri huchanua Tokyo na Kyoto mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, na mwishoni mwa Aprili hadi Mei mwanzoni Wajapani wenyewe wako likizo, treni zimejaa. Juni ni mvua. Agosti na Septemba ni vimbunga, na nahodha anaweza kuruka bandari bila kudaiwa. Familia iliyonunua safari kwa ajili ya bandari moja tu imeweka mayai yote kwenye tenga la nahodha. Ratiba yenye siku mbili tatu za kupendeza, yoyote ikikosekana nyingine zipo, inalala salama zaidi.

Kinachobaki ni mkoba wa dawa, na hapa Japani haina mchezo. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 haziruhusiwi, hata ziwe zimenunuliwa dukani bila cheti. Dawa zenye amfetamini wanazopewa baadhi ya watoto wasiotulia darasani ni marufuku kabisa, na zenye codeine zina mipaka. Dawa za kawaida za cheti huingia bila kibali maalumu zikiwa za mwezi mmoja au pungufu. Zaidi ya hapo kibali huombwa kabla ya kusafiri. Nyama kavu, soseji na maembe ya bibi yabaki nyumbani, na hata tunda la mezani melini halishuki gatini.

Ndani ya mwezi huo mmoja, dawa za presha na kisukari zizidi siku za safari. Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama ikiwa na watu zaidi ya 3,700, zaidi ya 700 wakaambukizwa virusi vya corona, na miongoni mwa shida za mwanzo ilikuwa abiria kuishiwa dawa zao za kila siku. Ugonjwa wa kawaida zaidi melini ni wa kuhara na kutapika kutokana na norovirus, na jeli ya mikono haitoshi kuuzuia; ni sabuni na maji kabla ya kila mlo. Kwa kichefuchefu cha mawimbi, chumba cha katikati ya meli na sitaha ya chini hutikisika kidogo. Dawa za kichefuchefu hazipewi mtoto chini ya miaka miwili bila daktari. Kampuni nyingi hazipokei mtoto chini ya miezi sita, wala mjamzito aliyefika au atakayefika wiki 24 akiwa safarini. Bima isomwe kama inalipia daktari wa melini na hospitali ya nchi kavu, maana bili ya kwanza huja ikiwa nzima.

Familia za Kiislamu ziulize mapema kuhusu chakula, kwa kuwa supu nyingi za tambi hupikwa kwa nguruwe hata pale nyama haionekani. Kobe ina msikiti uliojengwa mwaka 1935, wa kwanza Japani, na unafikika kwa miguu kutoka Sannomiya.

Kila asubuhi ya bandari, kabla ya kushuka, kila mmoja awekewe mfukoni karatasi yenye jina la meli, jina la gati kwa Kijapani na saa ya mwisho ya kurudi. Gari la wagonjwa ni 119, polisi ni 110. Bibi apewe ya kwanza.