Sindano Ya Homoni

Katika wodi na kliniki za saratani nilizofanyia kazi Dar es Salaam, hakuna dawa iliyonitaka nizungumze na wagonjwa kama goserelini. Kuidunga ni kazi ndogo: kijiti cha miligramu 3.6 huingizwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28, na korodani huacha kutengeneza testosteroni ambayo saratani ya tezi dume huitegemea. Tegemeo hilo Charles Huggins alilionyesha kule Chicago mwaka 1941, enzi ambazo dawa ilikuwa kuondoa korodani kwa kisu. Wazee wangu walikiogopa kisu hicho, nami niliwaelewa.

Tatizo lilianza pale dawa ilipofanya kazi vizuri. Baada ya miezi michache PSA, kipimo cha damu cha saratani hii, imeshuka, mkojo hausumbui tena, na mzee anaona safari imekwisha, ingawa mionzi iliyopangwa bado inamngoja.

“Sista, namba imeshuka. Mionzi ya nini tena?”

Hapo nilivuta kiti. Baba, nilimwambia, uvimbe umelala, haujafa. Saratani yako haijasambaa, ndiyo maana tunaweza kuitafutia tiba ya kuimaliza, na sindano peke yake haiimalizi. Nilimtajia utafiti wa Michel Bolla wa mwaka 1997, uliowahusu wanaume ambao uvimbe wao ulikuwa mkubwa bila kufika mbali. Waliopata mionzi peke yake, 62 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 5; waliochanganya mionzi na goserelini kwa miaka 3 walikuwa 79. Watu 17 ni wengi. Ni baba za watu.

Wengine waliacha sindano kimyakimya, kwa aibu. Hamu ya unyumba hupotea, jasho humwamsha mtu usiku, mwili hunenepa na mifupa hudhoofika, na nyumbani mama anadhani mumewe ana mwingine. Kwa hiyo, kabla ya sindano ya kwanza, niliomba ruhusa ya mzee nimwite mkewe, tukayasema yote tukiwa watatu, mlango umefungwa. Swali lao lilikuwa moja: hali ya kawaida itarudi lini? Nami nilijibu kama ilivyo, kwamba wengine hudungwa kwa miezi 6 tu, wengine hadi miaka 3, na homoni hurudi polepole baada ya hapo. Kwa baadhi ya wazee hairudi kabisa.