Bundi Mwache, Mpwa Wangu

Tanga,
3 Machi 2025

Mpwa wangu mpenzi,

Bibi yako hajambo, ila goti linamsumbua alfajiri, na anakuulizia kila simu ikilia. Barua yako imefika pamoja na ile michoro mitatu. Nimeibandika ukutani nikakaa nayo siku kadhaa kabla ya kushika kalamu.

Nimefurahi kusikia kwamba makala zako za fedha zinasomwa na mama lishe, bodaboda na mafundi cherehani, na kwamba sasa unataka uso wa kuzitambulisha: mhusika wa katuni ambaye mtu akimwona tu, hata kabla hajasoma jina lako, ajue kwamba haya ni maneno yako. Umeniomba nikuchagulie mmoja kati ya bundi mwenye miwani, simba mwenye suti na msichana mwenye kalamu sikioni. Nimechora mabango ya maduka na migongo ya daladala hapa Tanga tangu ujanani, kwa hiyo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Simchagui hata mmoja.

Nianze na bundi. Huyo umemtoa kwenye vitabu vya Wazungu, ambako ni ndege wa hekima. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu huulizana nani mgonjwa. Mama anayetafuta ushauri juu ya marejesho ya mkopo, roho yake ikiwa tayari juu juu, humfungulii mlango kwa uchuro.

Simba naye amekwisha kuchukuliwa. Klabu ya soka ya Msimbazi iliacha jina la Sunderland mwaka 1971 ikajiita Simba, na tangu hapo mnyama huyo ana wenyewe. Ukimweka juu ya makala zako, mashabiki wa Yanga, watani wake, watakupita bila kusoma mstari. Na hapo hapo nikuonye kuhusu rangi: kijani na njano zitakupeleka Jangwani kwa Yanga au kwenye chama tawala, nyekundu na nyeupe zitakurudisha Msimbazi. Tafuta rangi ambayo haijavaliwa na watu wanaogombana.

Msichana anafanana nawe mno. Wewe utazeeka, yeye hatazeeka. Siku msomaji akimcheka, utahisi umechekwa wewe, nawe utaanza kumlinda badala ya kumtumia.

Hayo yote yangeweza kurekebishwa. Kuna kasoro moja kubwa zaidi ambayo wote watatu wanayo: wamesimama upande wako. Bundi anajua, simba anaamuru, msichana anafundisha. Msomaji tayari anaye wa kumfundisha, ambaye ni wewe. Anachokosa ni mwenzake ndani ya ukurasa, anayeogopa anachokiogopa yeye, anayetamani anachokitamani, anayeuliza swali ambalo yeye angeona aibu kuliuliza mbele ya watu. Mhusika wako asimame upande wa msomaji. Hilo ndilo neno langu kwako. Mengine katika barua hii ni maelezo yake tu.

Mtazame Kipanya. Ali Masoud alimweka panya mdogo ndani ya katuni zake, na leo wengi wanamjua mchoraji mwenyewe kwa jina la Masoud Kipanya. Hata alipozindua gari la umeme mwaka 2022, mtaani lilikuwa gari la Kipanya. Jina hilo halikukua kwa sababu panya ni mzuri wa sura. Panya anaishi kwenye kila nyumba, anasikia kila linalosemwa, hana cheo, na kwa sababu hana cheo hakuna anayemdai adabu. Anachungulia mambo ya wakubwa kwa macho ya mwananchi, na mwananchi anajiona pale pembeni.

Wazee wenzangu wanamkumbuka Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Wakenya wanamkumbuka Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Jina lake lenyewe linatangaza ujinga, na ndiyo maana alidumu kwa miongo. Mtu akimwona juha anatumbukia shimoni hucheka kwanza, kisha hutazama miguu yake mwenyewe iko wapi. Mwenye hekima akikwambia "angalia shimo" unaweza kumkasirikia. Ukimwona Juha ndani ya shimo hilo, unapita kando kimya kimya na hakuna aliyekuaibisha.

Nje ya kwetu ni hivyo hivyo. Mwaka 1894 ndugu wawili wa Ufaransa, Édouard na André Michelin, walikuwa kwenye maonyesho mjini Lyon. Édouard akaona rundo la matairi yaliyopangwa, akasema likitiwa mikono litakuwa mtu. Mwaka 1898 mchoraji aliyejiita O'Galop akamchora kwenye bango: jitu la matairi limeinua bilauri iliyojaa misumari na vipande vya chupa, tayari kuinywa. Hebu fikiri hofu ya mwenye gari wa siku hizo ilikuwa nini. Ilikuwa misumari barabarani. Jitu lile halikumhutubia kuhusu ubora wa mpira; lilikunywa hofu yake mbele ya macho yake. Na ukijiuliza kwa nini ni jeupe ilhali matairi ni meusi, ni kwamba matairi ya wakati huo yalikuwa ya rangi hafifu, kabla viwanda havijaanza kuyachanganyia masizi ili yadumu. Matairi yakageuka meusi, jitu likabaki na rangi yake. Mhusika akishajulikana, usimbadilishe kila dunia inapobadilika.

Japani wana Kumamon, dubu mweusi mwenye mashavu mekundu, aliyebuniwa mwaka 2010 wakati mkoa wa Kumamoto ukijiandaa kupokea treni ya mwendo kasi. Wamempa cheo cha meneja mauzo wa mkoa, lakini tabia yake ni ya mtoto mtundu: anacheza, anajikwaa, anafanya vituko mbele ya waheshimiwa. Tetemeko la ardhi lilipoupiga mkoa huo Aprili 2016, Kumamon alinyamaza. Vituko vilisimama kwa wiki kadhaa, watu wakawa wanamuulizia alipo, na Mei akarudi kwa kwenda kuwatembelea watoto wa maeneo yaliyoathirika. Jifunze hapo. Mwenzako wa kweli anajua siku ya kucheka na siku ya kukaa nawe msibani. Wewe unaandikia watu ambao mwezi mmoja wanafurahia faida na mwezi unaofuata wanauziwa vyombo kwa sababu ya mikopo ya kausha damu. Mhusika atakayechekelea kila siku watamchoka, na siku mbaya watamchukia.

Sasa tushuke kwenye kazi yenyewe.

Kabla ya kuchora chochote, chukua karatasi uigawe katikati kwa mstari. Upande mmoja andika mambo ambayo mhusika wako atayasema mara kwa mara. Upande wa pili andika ambayo hatayasema wala kuyafanya kamwe, hata ukilipwa. Hamdharau anayedaiwa. Hasifii mkopo wa mtu. Hatangazi michezo ya kubahatisha. Orodha ya pili ikikushinda kuijaza, bado hujampata. Tabia ndiyo mifupa. Ukianza na sura utapata ngozi isiyosimama.

Ukiisha kupata tabia, ndipo umtafutie mwili, na uutafute katika hadithi ambazo wasomaji wako walilelewa nazo. Hapo uwe macho, kwa sababu wanyama wetu wana historia zao. Sungura ni mjanja, na sisi sote tunampenda, lakini nani atampa sungura akiba yake aitunze? Fisi hana haja ya maelezo. Kobe anaaminika, ila bodaboda hataki kuambiwa aende kama kobe. Chura ni mnyama mwema, lakini watani wa Yanga wamekwisha kumtumia kuwatania.

Nikupe mfano, nao si agizo: mbuzi. Watu husema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na wapo walioigeuza methali hiyo kuwa kisingizio cha wizi wa ofisini. Wewe ungeweza kuirudisha kwa wenye shida. Mchore mbuzi jike mwenye njaa ya kawaida, kamba shingoni, daima anatazama majani yaliyo hatua moja mbele ya mahali kamba inapoishia. Makala ya mkopo, kamba imefungwa na mtu mwingine. Makala ya kikoba, mbuzi kadhaa wameunganisha kamba zao. Makala ya kutapeliwa, mbuzi ameitafuna kamba akidhani ni chakula. Huyo hajui kuliko msomaji. Ana tamaa ile ile, ana mipaka ile ile, na kila makala inamkuta anauliza, "Kwani hii nayo hailiwi?" Jibu utalitoa wewe kwa maandishi yako. Mhusika aulize, mwandishi ajibu. Mkigawana kazi hivyo hamtagongana.

Kuhusu mkono wa mchoraji, haya ndiyo niliyoyaona katika kazi yangu. Mhusika mzuri hutambulika akiwa mdogo kama kifuniko cha soda, na hutambulika kwa kivuli chake tu, bila macho wala rangi. Mpeleke kwa mwenye mashine ya fotokopi, atolewe kwa wino mweusi kwenye karatasi ya bei rahisi; akipotea hapo, punguza mistari. Mpe alama moja isiyoondoka, kama kamba ile. Wachora katuni za panya Mickey wa Disney walimvisha glavu nyeupe mwaka 1929 kwa sababu mikono yake myeusi ilikuwa inapotelea kwenye mwili wake mweusi. Glavu zilikuwa dawa ya tatizo la macho, na leo ndizo nusu ya sura yake.

Kisha agiza karatasi ya vipimo: mbele, ubavuni, mgongoni, na nyuso zake akiwa na furaha, hasira, shaka, aibu na usingizi. Bila karatasi hiyo kila mchoro utazaa ndugu yake badala ya kumrudia yeye. Hili ndilo litakalokutesa ukitumia zile programu unazoziandikia maneno zikakutolea picha. Leo itakupa mbuzi mzuri, kesho utaomba yule yule ikuletee binamu yake. Zitumie kujaribu mawazo ukitaka, lakini mhusika mwenyewe mpe kijana mwenye kipaji, ukae naye, umlipe ipasavyo.

Na mkilipana, andikianeni. Walt Disney alikuwa na sungura aitwaye Oswald tangu 1927. Mwaka 1928 alikwenda New York kuomba bajeti iongezwe, akagundua kwamba kwa mujibu wa mkataba sungura alikuwa mali ya kampuni ya Universal. Akarudi bila sungura na bila wachoraji wake wengi, na hapo ndipo Mickey alipozaliwa. Oswald alirudi kwa kampuni ya Disney mwaka 2006, baada ya mwanzilishi kufa zamani, katika makubaliano ambayo upande wa pili ulipewa mtangazaji wa michezo. Usingoje miaka hiyo yote. Mkataba useme wazi nani ana haki ya kumtumia mhusika, kwenye fulana, kwenye vitabu, kwenye filamu, na kwamba jina la mchoraji litatajwa. Kazi yenyewe iandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na siku ukianza kuuza bidhaa kwa sura yake, nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ukaisajili kama alama ya biashara. Kijana wako wa kuchora asikudhulumu, nawe usimdhulumu. Kazi ya mkono wa mtu ina hesabu yake.

Mwisho, mpe muda. Usimzindue kwa mbwembwe. Mwingize kwenye makala moja, pembeni, anauliza swali lake. Makala inayofuata awepo tena. Wasomaji wakianza kukuuliza wao wenyewe "yule mbuzi leo kasemaje?" ujue amepokelewa, na jina watampa wao, likiwa zuri kuliko lako, lichukue. Wakikaa kimya kwa miezi, mtazame upya: yawezekana amehamia tena upande wako na ameanza kuhutubia. Mrudishe kwa watu.

Nakutaka kitu kimoja kabla ya Pasaka: ile karatasi yenye mstari katikati, pande zote mbili zimejaa, bila mchoro wowote. Wasomee mama lishe wako wawili watatu kabla hujanitumia, na uandike walipocheka. Nikishaiona, nitakutafutia kijana mmoja wa hapa mwenye mkono mwepesi, na gharama ya karatasi ya vipimo nitaibeba mimi.

Msalimie mama yako, mwambie kaka yake bado anadai zile picha za harusi. Bibi anakuombea dua.

Ni mimi,
Mjomba wako